Tangi la Bibi, Kau

Nimepotea kidogo, na safari hii si kwa ajili ya programu. Nilikuwa Kau nikishindana na ukuta wa bati.

Kau, kwa asiyepajua, iko kando ya mto Ozi, juu kidogo ya Kipini. Unatoka Garsen, unapita Witu hadi Kipini, kisha unapanda mashua. Zamani Tana haukupita huku. Katika karne ya 19 Sultani wa Witu alichimbisha mfereji wa Belezoni kuunganisha mito miwili, na baadaye Tana wenyewe ukaufuata mfereji. Basi mafuriko ya bara hushukia hapa, na maji ya mto yakipungua, bahari hupanda na chumvi yake. Ndiyo maana tangi la mvua la bibi yangu si pambo.

Umbo lake ni kama yale mabwawa ya kuogelea ya juu ya ardhi wanayoweka Wazungu uani: bati limezungushwa duara, ndani plastiki nene. Kwao ukuta huharibiwa na barafu. Kwetu ni masika. Mafuriko ya 2024 yalilikuta tangi karibu tupu. Maji ya nje yakafika mapajani, ya ndani hayakufika shibiri moja, ukuta ukabonyea kama kopo la maziwa lililokanyagwa.

Nilistaajabu, maana tangi hilo hilo hubeba tani 12. Nikafungua kompyuta. Upana mita 3.6, kina mita 1.2. Likijaa, maji husukuma nje, na pale chini bati linavutwa kwa nguvu ya kama tani 2 kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta kwenda juu. Bati hulivumilia hilo, kwa kuwa ni kuvutwa. Ukilisukuma kutoka nje halina ubavu, sawa na kamba: ivute utakavyo, lakini nani amewahi kusukuma kitu kwa kamba?

Agosti nikanyoosha bati kwa nyundo ya mti. Chini kulikuwa na tundu la kutu, upana wa kiganja. Nikapiga kiraka kwa nje, nikakipaka gundi, nikajisifu, nikarudi mjini.

Vuli ikajaza tangi. Usiku mmoja bibi akasikia kishindo, na kulipokucha ua ulikuwa tope. Maji yote! Kiangazi kile alinunua maji ya kunywa kwa madumu yaliyoletwa kwa mashua, na ya kuoshea akayateka mtoni yakiwa na chumvi. Nilipompigia simu kumwomba radhi alisema tu, “Mwanangu, wewe hukunywa.” Sikupata jibu.

Kosa sasa naliona wazi. Kiraka cha nje husukumwa na maji kibanduke. Plastiki ikajitokeza kwenye tundu, ikakifikia kiraka, ikakisukuma hadi gundi ikaachia, kisha kingo za kutu zikaikata. Kiraka kilipaswa kuwa ndani, maji yenyewe yakigandamize. Wenzangu wa programu mtaijua dhambi hii: nilifunika dalili.

Januari nikarudi. Nikakata kutu yote mpaka nikafika kwenye bati zima, nikaweka kipande cha ndani kinachopita tundu shibiri moja kila upande, nikakifunga kwa boliti za mabati zenye vichwa bapa upande wa plastiki, nati nje. Juu yake mpira wa tairi la baiskeli, ili pasiwe na ncha hata moja. Rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili. Chini nikarudisha mchanga uliochukuliwa na mafuriko, nikaukandika mteremko kwenye pembe ya ndani, plastiki isije ikajipenyeza chini ya ukuta. Kazi hii ya mchanga ndiyo iliyonila siku mbili, na mgongo.

Nikamwomba bibi jambo moja: mvua kubwa ikitabiriwa bara, asiache tangi tupu.

Masika ya 2025 lilijaa. Nilikuwa nimefunga uzi kuzunguka ukuta, nikatia alama ya wino, ili tujue kama bati linatanuka. Baada ya wiki nikapiga simu kuuliza alama imesogea kiasi gani. Bibi akasema uzi ameufungulia mbuzi.