Barua Mbili za Ruhusa

Katika nyumba yetu kuna barua mbili za ruhusa ya masomo. Ya kwanza ni yangu. Niliandikiwa nilipokuwa mhadhiri msaidizi, ikanipa miaka minne ya kusomea shahada ya uzamivu huku mshahara ukiendelea kuingia benki kila mwezi, ada ikilipwa na mfadhili, na nafasi yangu kazini ikilindwa mpaka nirudi. Ya pili ni ya mke wangu, Mama Neema, muuguzi wa hospitali moja ya umma hapa Dar es Salaam, anayesoma uzamili wa uuguzi kwa utaratibu wa jioni na mwisho wa juma. Barua yake ina aya moja tu. Mwajiri hana pingamizi, inasema, ilimradi masomo hayo yagharamiwe na mtumishi mwenyewe na yasiathiri zamu zake za kazi.

Mwenyewe ameniridhia niandike habari hii kwa masharti mawili: nisiitaje hospitali, na nisimwonee huruma. La kwanza ni jepesi.

Tuanze na hilo neno zamu, maana aliyeandika barua ile huenda hajawahi kupangiwa usiku. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku hana kazi mchana, na kwa hiyo kwenye karatasi anaonekana mtu mwenye nafasi tele ya kusoma. Ijumaa nyingi Mama Neema hukabidhi wodi asubuhi, hutoa ripoti kwa wenzake wanaoingia, hupanda mwendokasi hadi Kimara, hulala kwa muda wa saa nne, kisha alasiri hurudi mjini darasani. Somo la kwanza ni takwimu. Darasa lao lilianza na wanafunzi 14, sasa wamebaki 9. Mmoja wa walioondoka yuko Muscat, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, analipwa ili auguze na si ili aombe ruhusa.

Watu wengi, wakiwemo wasomi wenzangu, huniuliza muuguzi anatafuta nini katika uzamili. Swali hili haulizwi mhandisi wala mwanasheria. Ndani yake mna dhana kwamba uuguzi ni moyo wa huruma na mikono safi, na kwamba kufikiri ni kazi ya daktari. Ni dhana ya zamani, na haikuwa kweli hata ilipokuwa changa: Florence Nightingale, tunayemkumbuka kwa taa yake, aliishawishi serikali ya Uingereza kwa majedwali na michoro ya takwimu za vifo vya askari katika vita vya Crimea.

Jibu la Mama Neema kwa swali hilo ni vidonda vya mgandamizo. Mgonjwa aliyepooza au aliyevunjika nyonga akilala upande mmoja kwa muda mrefu, damu hushindwa kupita kwenye ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro. Ngozi hubadilika rangi, huchubuka, kisha hufunguka, na kidonda huweza kufika mfupani. Kinga yake inajulikana na haihitaji dawa ya kutoka ng'ambo: kumgeuza mgonjwa mara kwa mara, kwa kawaida kila baada ya saa mbili, kumweka mkavu, na kumlisha vizuri. Kila mwanafunzi wa cheti amefundishwa hayo. Kwa nini basi vidonda vinaendelea kutokea? Ndilo swali la tasnifu yake, na halikutoka maktaba. Limetoka kwenye miaka 11 ya kuosha migongo ya watu.

Ili alichunguze, ilimbidi aombe kibali cha maadili ya utafiti, kisha kibali cha hospitali, kisha kibali cha wodi. Sina ugomvi na kamati za maadili, nimewahi kukaa katika mojawapo. Lakini miezi mitano ilipita muuguzi akisubiri idhini ya kuingia kama mtafiti katika chumba anachoingia kila siku kama mtumishi, na muhula haukumsubiri. Ada ya muda wa nyongeza ilitoka katika fedha tulizokuwa tumetenga kwa ajili ya kupiga lipu chumba cha nyuma.

Kisha lugha. Mgonjwa humwambia kwa Kiswahili kwamba mgongo unawaka moto. Dodoso lake lilitungwa kwa Kiingereza, likatafsiriwa kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine akalirudisha Kiingereza kuona kama maana imesalimika. Majibu yaliyotolewa kwa Kiswahili sasa yanaandikwa upya kwa Kiingereza kwa ajili ya watahini ambao, nijuavyo mimi, wote ni Waswahili wa kuzaliwa. Tuliache hilo kwa siku nyingine.

Alichokiona wodini ni hiki: wauguzi wanajua la kufanya, na mchana hulifanya. Usiku hawalifanyi, kwa sababu kumgeuza mtu mzima asiyejiweza bila kumburuta kunahitaji watu wawili, na usiku yule wa pili yuko chumba kingine akihangaika na dripu au na mgonjwa aliyezidiwa. Kiongozi atakayesoma takwimu za vidonda bila kujua hilo ataagiza semina, na wauguzi watafundishwa tena jambo wanalolijua.

Wapo wanaotaka ushahidi kabla ya kukubali kwamba elimu ya muuguzi ina uzito. Upo. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Linda Aiken na wenzake kuhusu wagonjwa zaidi ya 400,000 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30. Na kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada liliambatana na upungufu wa asilimia 7 wa uwezekano huo. Hizo ni wodi za Ulaya, na utafiti wa namna hiyo huonyesha uhusiano, hauthibitishi chanzo. Anayetaka takwimu za wodi zetu atazipata kwa nani, kama si kwa hawa tunaowataka wasome bila kuathiri zamu?

Nawaandikia hasa ninyi mnaokaa katika ofisi za utumishi, ambao najua mnasoma hapa. Wahitimu wa uzamili wa uuguzi ninaowafahamu ni 6. Wawili wanafundisha vyuoni, watatu wako katika ofisi za miradi, mmoja ni msimamizi anayeshinda kwenye vikao. Hakuna aliyebaki kitandani kwa mgonjwa, na siwalaumu, maana mshahara na heshima vilikuwa upande wa pili wa korido. Mama Neema anataka kubaki. Ameshaulizwa mara mbili, kwa nia njema, ni lini ataomba kuhamishiwa ofisini. Muundo wa utumishi unaompa muuguzi bingwa cheo na malipo akiwa wodini ungegharimu fedha, ndiyo. Ratiba inayompisha mwanafunzi wiki ya mitihani isingegharimu hata senti.

Utetezi wa tasnifu umepangwa Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi. Ratiba ya wodi inaonyesha kwamba usiku wa Jumatano yuko kazini. Mwenzake mmoja amekubali kumshikia zamu hiyo, kwa makubaliano kwamba atamlipa zamu mbili za usiku mwezi ujao.