Mizani Tulizozikuta Kinuni

Sisi tuliosoma Kalemie, mji ulioitwa Albertville hadi 1966, fasihi tulifundishwa kwa Kifaransa. Kiswahili kilikuwa cha soko na cha nyumbani. Mu kalasi tuliandika maana ya shairi, ubeti na kina, tukayakariri, tukapata pointi. Lakini tukipewa shairi lenyewe, kimya.

Baadaye tulipata vitabu vya Kiswahili kutoka ng'ambo ya ziwa. Humo tukaona kwamba shairi la desturi lina mishororo 4 kwa ubeti, na kila mshororo una mizani 16: 8 mbele, 8 nyuma. Kina ni silabi inayorudi, katikati na mwishoni. Tukakaa uani kuhesabu kwa vidole.

Nkambo alitukuta, akacheka: «Ile munaita mizani, siye tulikuwa tunaihesabia mu kinu.» Na kweli. Wanawake wawili wakitwanga sombe, michi ikipokezana, wimbo hauwezi kuzidi pigo. Hata katika hadisi zake za usiku, ule mstari tuliouitika sote ndio kiitikio, na sungura ndiye mhusika mkuu. Vitu tulikuwa navyo, tulikosa majina tu.

Kosa letu ni hili: majina tuliyaandika, nyimbo za nkambo hatukuziandika. Leo daftari iko, yeye hayuko. Ndugu msomaji, kama kwenu kungali mzee, kaa naye jioni, kalamu mkononi. Maana ya mizani utaikuta katika vitabu. Wimbo wake, hapana.