Sifuri Kwenye Safu ya Malighafi

Mwisho wa mwaka wa pili tuliambiwa kila mtu aandike wazo la biashara, tuwasilishe tukirudi likizo. Mimi sikuhangaika. Kwetu Ilongero, Singida, mtama upo, na utotoni tulikuwa tunaguguna mabua yake matamu kama miwa. Nikaandika: tukamue mabua, tuchachushe maji yake, tukeneke, tuuze ethanoli ya kupikia na ya kuchanganya na petroli. Kwenye safu ya malighafi nikajaza sifuri. Si taka za shambani tu?

Hesabu zilinipa kichwa. Kilo moja ya sukari ikichachuka yote inatoa kama lita 0.65 za ethanoli. Chukua tani ya mabua, tuseme nusu yake ni maji yenye sukari asilimia 14: hizo ni kilo 70 za sukari. Toa upotevu, unabaki na lita 40 hivi.

Likizo nikamweleza mama. Mama anapika pombe ya mtama, ndiyo iliyonisomesha kabla sijajua bumu ni nini. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa mwanangu, Novemba ng'ombe watakula nini?"

Sifuri yangu ikafa pale pale. Mvua kwetu ni msimu mmoja, na kiangazi kikikolea mabua ndiyo malisho. Watu wanayanunua. Nikaanza kuona na mengine. Bua likishakatwa sukari yake haikai, kwa hiyo mtambo ungefanya kazi wiki chache tu baada ya mavuno, halafu ulale huku mkopo wa benki haulali. Na kusomba tani nzima, sehemu kubwa maji, ili upate madumu mawili ya lita 20!

Kilombero waliweza, mtambo wao wa spiriti ulianza 2013. Malawi wanachanganya ethanoli na petroli tangu 1982. Lakini wao wanatumia molasi, ambayo imeshasombwa na kukamuliwa kwa gharama ya sukari. Ilongero hakuna sukari ya kututangulia.

Halafu kuna mama mwenyewe. Tukadirie pombe yake ina kileo asilimia 5: ndoo ya lita 20 ina lita moja ya ethanoli. Ili lita yangu imshinde, iuzwe bei ya ndoo nzima. Nani atainunua? Lita ya ethanoli ina nishati kama theluthi mbili ya petroli, dereva hatatoa hata bei ya petroli. Mnywaji haulizi mambo ya nishati.

Nikafuta sifuri, nikaweka bei ya mabua ya Novemba. Mradi ukala hasara mwaka wa kwanza mpaka wa kumi, nikauwasilisha hivyo hivyo, nikapata alama za chini kuliko wenzangu. Bumu lilipoingia mama akapiga simu: mabua yameisha, na jirani anauza.