Kamachumu, ambako mtoto hufundishwa kisu

Kutoka Bukoba mjini hadi Kamachumu, wilayani Muleba, migomba haikuachi. Huku ndizi ndiyo chakula, na mtoto hujifunza kumenya mapema. Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Hapa hupewa, ila mkubwa hukaa naye.

Kwanza hutazama. Kisha hupewa kisu kidogo na ndizi moja. Anaketi, anakata ncha mbili, halafu anamenya akisukuma makali mbali na mwili. Utomvu ukijaa kwenye mpini, anasimamisha kazi na kuufuta.

Mzazi wa mjini unayewapeleka watoto kijijini likizo ya Desemba, waanzishie nyumbani. Kisu kiwekwe chini, mwenzake aokote, wasipokezane mkononi. Kikidondoka, wasikidake. Kisu butu nacho ni hatari, kwa sababu hulazimisha nguvu, kisha huteleza.

Akijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia. Damu ikikoma, osha kwa maji safi na sabuni. Usipake majivu wala mafuta ya taa. Jeraha likiwa la kina, damu isipokoma, au kidole kikigoma kukunjika, wahi kituo cha afya.

Beba na kadi ya kliniki. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zina kinga ya pepopunda, na mhudumu atataka kujua kama mtoto alizimaliza. Kadi hiyo iingie kwenye begi la safari mapema.