Jina la Hana

Wazazi wengi hutafuta kwa binti zao majina mafupi, ya silabi mbili, yasiyosikika katika kila nyumba. Majina ya namna hiyo yamo tele katika Maandiko. Lakini kwanza twapenda kuwaeleza yaliyotupata sisi wenyewe.

Tulizaa watoto wawili, na wote wawili tukawazika kabla hawajaanza kutembea. Alipozaliwa wa tatu, binti, tuliafikiana kumwita Hana. Bibi yake mzaa baba aliposikia alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Wanangu, hana nini? Hana afya? Hana siku nyingi? Nyumba hii imekwisha kukosa mara mbili, nanyi mwauita tena ukosefu mlangoni?" Tulimweleza kwamba ni neno la Kiebrania, maana yake neema. Akajibu, "Mimi sijui Kiebrania, wala majirani hawakijui." Tangu siku ile akamwita mtoto Tatu, kwa hesabu ya kuzaliwa, kama desturi ya Mosi na Pili.

Twakiri kwamba maneno yale yalituchoma. Kila mtoto alipopata homa, tulitazamana bila kusema neno.

Wala si jina hilo tu lenye sauti mbili. Lea, mkewe Yakobo, kwetu ni agizo la kulea. Noa kwa Kiebrania ni mwendo. Kwetu twanoa kisu. Ada, mkewe Lameki, ni pambo; kwetu ada ni malipo ya desturi. Noa alikuwa mmoja wa mabinti watano wa Selofehadi, ambao habari zao zimo katika Hesabu 27. Baba yao alikufa bila mwana wa kiume, nao wakasimama mbele ya Musa kudai urithi, wakapewa. Ndugu zake ni Mala, Hogla, Milka na Tirza. Hogla ni kwale, ndege wa porini. Tirza ni upendevu. Milka ni malkia, na neno letu malkia, lililotoka Kiarabu, ni la shina moja nalo, kwa maana Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu. Hana naye alipofika kwa Wayunani akawa Ana, kama yule nabii mjane wa miaka 84 katika Luka 2.

Basi mtoto alipotimiza miaka minne, bibi yake aliugua, akataka asomewe. Tulimsomea Samweli wa Kwanza: jinsi Hana alivyokuwa hana mtoto, na mwenzake Penina akimchokoza, jinsi alivyoomba kwa midomo tu, hata kuhani Eli akamdhania mlevi, na jinsi alivyompata Samweli, na baadaye wana watatu na mabinti wawili. Bibi akasema polepole, "Kumbe alikuwa hana, kisha akapewa. Mbona hamkunisomea siku ile?" Hatukuwa na jibu. Akageuka, akaita, "Hana, niletee maji." Mtoto hakuitika mara moja, kwa kuwa hakuzoea kulisikia jina hilo kinywani mwake.

Kwa hiyo twawashauri, ndugu zetu: mkichagua jina la kigeni, wasimulieni wazee habari yake kabla ya kumtangaza mtoto. Sisi tuliwapa maana ya neno moja, tukaacha kuwasimulia kisa.