Mkebe wa Babu
Tulipogawana vitu vya marehemu babu hapa Voi, kaka yangu alitaka mkebe wa sarafu uuzwe kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma. Nikamsihi anipe usiku mmoja.

Nilizimwaga mkekani, nikazitenga: ndururu na peni zenye tundu za wakoloni, shilingi za Mzee Kenyatta. Chini kabisa, heller 20 ya Wajerumani, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916. Heller ndiyo iliyotupa neno hela.

Nikakumbuka: babake babu alikuwa mpagazi wa Waingereza katika vita vilivyofika Taveta mwaka 1914. Picha yake hatuna, kaburi lake halijulikani.

Asubuhi kaka aliishika sarafu ile, akanyamaza. Mkebe hauuzwi tena. Nawe msomaji, wa kwenu umeufungua?