Siku tatu na wamama wa nyavu, ng'ambo ya Epulu

Juma lililopita ukurasa wa shule haukutoka. Sisi walimu watatu tunaouandika tulikuwa ng'ambo ya Epulu, mahali ambapo simu haishiki, na kosa ni letu kwa kutotayarisha karatasi kabla ya kuondoka. Leo tunalipa deni.

Kutoka Mambasa mpaka Epulu ni kama kilometa 70 kwa barabara ya taifa namba 4. Barabara ikiwa kavu, pikipiki inafika kabla jua halijawa kali. Sisi tulikamatwa na mvua. Malori yaliyobeba mbao na mafuta yalikuwa yamelala kwenye matope, madereva wakipika mihogo chini ya magari yao. Tulishuka mara nyingi kusukuma pikipiki, tukalala Epulu, na kesho yake tukaendelea kwa upande wa Nia-Nia mpaka kijiji ambacho hatutakitaja jina. Mtaelewa mbele kwa nini.

Tulikwenda kwa ajili ya kisomo. Hapo kijijini kuna kundi la wamama wanaojifunza kusoma, nao wana likelemba yao inayotembea vizuri. Nusu yao ni wamama wa Wambuti. Katika daftari tulikuta majina 22, lakini siku tuliyofika waliketi wamama sita tu. Wengine, tuliambiwa, wako porini na nyavu. Sisi walimu tumezoea kuandika « hayupo » na kufunga daftari. Safari hii tulisema tuwafuate, tuone hao wasiokuwapo wako wapi.

Tuseme kidogo juu ya pori lenyewe, kwa wamama wasiolijua. Hifadhi ya Okapi ilianzishwa mwaka 1992. Mwaka 1996 iliandikwa katika urithi wa dunia, na mwaka 1997 tu ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, imo mpaka leo. Ukubwa wake unakaribia kilometa za mraba 14,000. Ni pori la Leta, lakini watu hawakuhamishwa. Kando ya barabara kuna sehemu za kulima, nyuma yake sehemu za kuwinda, na katikati sehemu ambayo hakuna anayeruhusiwa kuwinda. Mwenyeji anaweza kuwinda kwa njia ya mababu, kwa chakula cha nyumba yake. Bunduki ya magendo, mtego wa waya na biashara ya nyama kwenda mjini vimekatazwa. Okapi, tembo, chui na sokomutu hawaguswi kabisa, kwa njia yoyote. Dhahabu haichimbwi humo. Ndivyo karatasi inavyosema.

Kambi ilikuwa mwendo wa masaa matatu kutoka barabarani. Asubuhi, kabla ya kuondoka, vijana waliwasha moto mdogo chini ya mti, tukapita karibu na moshi wake mmoja mmoja. Halafu safari. Wanaume walibeba nyavu mabegani, zile zinazosukwa kwa kamba ya mmea wa nkusa, kila wavu mrefu kama kiwanja cha shule yetu. Wamama walibeba vikapu kwa mkanda wa kipaji cha uso, watoto wadogo ubavuni. Mbwa walivaa kengele za mti shingoni, kwa sababu mbwa wa huko hawabweki sana.

Wengi wetu tunafikiri uwindaji ni kazi ya wanaume. Huko, bila wamama hakuna nyama. Wanaume wanaunganisha nyavu kwa duara lisilofungwa, wanakaa kimya. Ni wamama na watoto wanaokwenda mbali, wanapanga mstari, kisha wanarudi wakipiga majani na kelele ili mboloko akimbilie wavu. Ina maana kwamba wao ndio wanaotembea mahali ambapo hakuna aliyetangulia, wamesambaa, hawaonani, sauti tu ndiyo inayowaunganisha. Kama kuna kitu kibaya kimejificha porini, mama ndiye anayekikuta wa kwanza.

Sisi tulipewa nafasi karibu na Koko mmoja, mama mzee mwenye vidole vya mguu vitatu tu. Tulidhani ni ugonjwa. Alituambia ni waya. Miaka ya nyuma alikanyaga mtego wa waya wa chuma uliotegwa na watu wasiojulikana, akakaa hapo mpaka jioni. Alituonyesha namna ya kuutambua: ukuta mfupi wa matawi, haufiki magotini, unaokwenda mbali sana, na kila hatua chache kuna kimlango. Mnyama anapita kwenye kimlango kwa sababu ni rahisi, na mtoto naye hivyo hivyo. « Ukiona pori limekufungulia mlango, ruka ukuta », alisema, akacheka sana kwa jinsi tulivyoanza kuinua miguu kama kuku kwenye matope. Mtego wa namna hiyo hauchagui mnyama. Na aliyeutega asiporudi kwa siku nne, nyama inaoza hapo bila kuliwa na mtu.

Mpigo wa kwanza ulitoa mboloko mmoja. Tulipokwenda kupanga mpigo wa pili, tukafika kwenye kijito. Koko akasimama. Aliinua mkono, na mstari mzima wa wamama ukanyamaza, hata mtoto aliyekuwa akilia akapewa titi. Sisi hatukuona kitu. Yeye aliangalia maji. Yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa, na tangu jana mvua haikunyesha upande ule. Akatuonyesha kwa mdomo, si kwa kidole: njia iliyokatwa kwa panga, pana kuliko njia ya mwindaji. Chini kuna mifuko midogo ya pombe kali. Tulipotega sikio, mbali kabisa, tukasikia injini ya pompi.

Hakuna aliyeita. Hakuna aliyekwenda kuchungulia. Koko alitoa mlio mmoja wa ndege, wanaume wakakunja nyavu, na tukarudi kwa njia ileile tuliyojia, bila kukata ya mkato. Mmoja wetu alitaka kupiga picha kwa simu, mama mwingine akamfunika mkono na kitenge. Baadaye alimweleza: mtu akikukuta bila picha, wewe ni mama unayetafuta uyoga, akikukuta na picha, wewe ni mpelelezi.

Siku hiyo watu zaidi ya thelathini walikula mboloko mmoja. Tuliona watoto wakilamba jani la mangongo lililofungiwa mchuzi. Tunaandika jambo hili kwa sababu ni rahisi kusema mjini, « waache tu kwenda porini ». Kurudi nyuma kuna bei, na bei hiyo inalipwa na tumbo la mtoto.

Usiku, karibu na moto, tuliuliza mengi. Wamama walisema wanatofautisha kambi kwa kuangalia kama kuna wamama. Penye kibanda cha majani, jivu dogo, maganda ya mbegu zilizovunjwa na alama za miguu ya watoto, hao ni watu wa nyumbani, salimia upite. Penye hema za plastiki, matanuru marefu ya kukausha nyama, maganda ya risasi, na hakuna mguu wa mtoto hata mmoja, geuka. Usiku hawatoki mbali na kambi, kwa sababu wawindaji wa bunduki wanatumia taa ya kichwani na kupiga risasi wanapoona macho yanang'aa. Hawaendi chini ya watatu. Na kabla ya kuondoka wanamwambia mmoja anayebaki ni mto gani wanaelekea, kwa jina, si « kule ».

Wakiona kitu, wanamwambia mkubwa wa kambi, naye anachagua wa kumwambia. Si sokoni, na si kila mkubwa. Wengine wenye cheo, walisema, wana shimo lao ndani ya hiyo dhahabu. Hatukuwa na jibu. Walimu wanapenda kusema « toeni taarifa », lakini hatukusema.

Mama mmoja kijana alizungumza na mmoja wetu peke yake, asubuhi, akichota maji. Mwaka uliopita dada yake alikutana na watu wenye silaha karibu na kambi ya namna ile. Alirudi, akanyamaza wiki mbili kwa haya. Alipofika kituo cha afya aliambiwa dawa ya kuzuia ukimwi baada ya kubakwa inafaa ianze kabla ya masaa 72 kwisha. Hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo kabla. Wamama, andikeni hiyo namba ndani ya mlango: 72. Mama aende hata kama hana nguvu ya kusema jina la mtu. Anatibiwa kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tuliona lina hatari kuliko wao walivyoona. Baadhi ya wamama wa kijijini wanapeleka bugali na sombe kuuza kwenye mashimo ya dhahabu, na wengine wanachomea merkire, ile zebaki, jikoni kwao kwa malipo kidogo. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Unaingia mapafuni, na kwa mama mwenye mimba unavuka mpaka kwa mtoto tumboni na kugusa ubongo wake. Ile inayomwagika mtoni inarudi ndani ya samaki. Tuliwaambia sufuria iliyochomewa dhahabu isipikiwe tena hata maji. Walitutazama kama watu wasiojua sufuria inauzwaje. Labda walikuwa na haki, lakini tulirudia mara ya pili.

Wakati wa kurudi tulipita tena Epulu. Watu wa hapo bado wanahesabu miaka kutoka tarehe 24 Juni 2012, siku kundi la Paul Sadala, aliyeitwa Morgan, liliposhambulia kituo. Okapi 14 waliokuwa wakitunzwa hapo walikufa, watu waliuawa, nyumba zilichomwa, wanawake walichukuliwa porini. Lilikuwa kundi la majangili wa pembe za tembo na watu wa dhahabu, ambao gade walikuwa wakiwafukuza hifadhini. Sisi wakati huo tulikuwa bado wanafunzi, tulisikia kwa redio tukadhani ni habari za wanyama. Mama aliyetuuzia chai alisema, « Wale walianza kama watu wa pompi tu. »

Lakini linalotukosesha usingizi lilitokea kabla ya Epulu. Asubuhi ya kuondoka kijijini, mama mmoja mchuuzi, aliyetupokea vizuri sana, alileta mfuko uliofungwa kwa kamba. Ni wa kaka yake Mambasa, alisema, makayabu tu na mihogo, tumbebee kwa kuwa walimu hawasumbuliwi barabarani. Tulikumbuka Koko. Alikuwa ametuambia wakati wa kuagana kwamba yeye habebi kitu asichokifunga mwenyewe. Tukaomba kwa heshima tufungue. Mama yule alikasirika, akasema tunamfanya mwizi mbele ya watoto wake, akarudisha mfuko ndani. Tuliondoka na aibu. Njia nzima mmoja wetu alisema tumemkosea mtu aliyetulisha.

Kwenye bariere moja mbele tulisimama kuandikwa majina. Kandokando, chini ya paa la majani, aliketi msichana wa miaka labda kumi na nane, mmoja wa wale sita wa kisomo. Alikuwa ametupita kwa pikipiki nyingine tulipokuwa tukinywa maji. Mfuko ulikuwa mbele yake, na kamba tuliitambua. Ulikuwa umefunguliwa. Juu kulikuwa na mihogo. Chini, nyama iliyokaushwa kwa moshi, na kati yake mkono wenye vidole na kucha kama vya mtu. Sokomutu.

Alikuwa amelipwa franka elfu tano kubeba. Alitaja jina la mchuuzi, na waliomkamata waliandika, lakini mchuuzi hakuwapo na bunduki haikuwapo, yeye ndiye aliyekuwapo. Sisi tulisema tunaufahamu mfuko, tukaeleza tulivyoombwa asubuhi. Waliandika na hilo. Wakatuambia tuendelee, kwa kuwa sisi tulikuwa na karatasi ya safari yenye muhuri wa shule. Yeye hakuwa hata na kadi ya uchaguzi.

Tulimwachia chakula tulichokuwa nacho. Kwenye karatasi ya daftari tuliandika jina lake, jina la kijiji, saa na siku, tukampa mwenyekiti wa kundi lao kwa dereva aliyekuwa akirudi, ili jamaa yake wajue alipo. Yeye mwenyewe alituomba kitu kimoja. Mtoto wake alikuwa amebaki kwa jirani, ana miezi mitano, na alikuwa amemwambia jirani atarudi kabla ya jioni.